Becky Hammon: aliumia goti, akaenda kukaa kwenye kikao cha makocha (uzi mrefu, chukua chai)

Benchi la Uyole (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Huku Uyole mvua imenyesha toka saa tisa, mazoezi yamekufa, nimebaki na simu na kikombe cha chai ya tangawizi. Juzi kwenye ule ubishi wa kwamba mchezaji mzuri hawezi kuwa kocha mzuri niliahidi kuleta habari za mwanamke mmoja. Basi leo deni nalilipa.

Kwanza mjue ninavyoingia kwenye hii habari. Nafundisha sekondari na nasimamia timu ya wasichana ya kikapu. Mwenyewe nilicheza, pointi gadi (yule anayepanga mchezo), mfupi, mbishi. Nikaishia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Uwanja ulikuwa wa saruji yenye ufa, nikaruka kuwahi mpira, mguu ukatua pale pale kwenye ufa. Nilisikia goti likilia *ko!* kama mtu anavunja kuni kavu ya mlingoti. Nikabebwa mgongoni hadi kwenye gari. Ila maumivu nimeshayasahau. Kilichobaki moyoni ni kwamba nilipotoka hospitali niliambiwa nikae nyumbani nipumzike, na timu ikaendelea bila mimi. Hakuna aliyewahi kuniambia, njoo ukae benchi hata uangalie tu. Ndiyo maana habari ya Becky Hammon niliposoma mara ya kwanza nilirudia mara tatu.

Amezaliwa 1977, Rapid City, jimbo la South Dakota. Ukitaka picha ya mahali penyewe, chukua Makete ya Juni, ongeza theluji, halafu iweke mbali na kila kitu. Kimo chake futi 5 na inchi 6, kama mita 1.68. Kwenye kikapu huyo ni mtoto. Vyuo vikubwa havikumhangaikia sana, akaenda Colorado State, na mwaka wake wa mwisho chuoni, msimu wa 1998/99, timu ilishinda mechi 33 ikapoteza 3.

Unadhani baada ya hapo ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA, ilimkimbilia? Hata. Siku ya kuchagua wachezaji wapya mwaka 1999 majina yaliitwa mpaka yakaisha, lake halimo. Ilikuwa pia bahati mbaya ya wakati. Desemba 1998 ligi nyingine ya wanawake, ABL, ilifilisika, na wachezaji wake wote wazoefu wakaja kugombea nafasi zile zile. Mtoto wa chuo mwenye mita 1.68 angepita wapi?

New York Liberty wakamwita mazoezini tu, aje wamwone. Akabaki. Miaka kadhaa akawa anatokea benchi nyuma ya Teresa Weatherspoon, ambaye watu wa New York walikuwa wakimpenda kama sisi tunavyopenda ndizi za Tukuyu. Mwaka 2004 ndiyo nafasi ikawa yake. 2007 akauzwa San Antonio, timu ikiitwa Silver Stars, na huko ndiko alikochanua. 2008 waliingia fainali, wakapigwa 3-0 na Detroit Shock. Shikeni hilo jina la Detroit, nitalirudia.

Hesabu ya uchezaji wake ikafungwa hivi: kuitwa mechi ya nyota wa ligi mara 6, na mwaka 2011 ligi ilipotangaza wachezaji wake 15 bora wa miaka 15 ya kwanza naye alikuwemo. Kombe la ligi, sifuri.

Sasa goti. Julai 2013, akiwa na miaka 36, kano ya mbele ya goti la kushoto ikakatika. Hiyo ndiyo ACL mnayoisikia kwa wachezaji wa soka. Katika umri ule wengine wangeaga. Yeye alikuwa anaishi mji mmoja na Spurs, timu ya NBA, ligi ya wanaume ya Marekani, ambayo kocha wake alikuwa Gregg Popovich, na walikwishajuana: mwaka uliotangulia walikaa jirani kwenye ndege wakitoka Olimpiki ya London, wakapiga stori njia nzima. Basi akaomba: wakati goti linapona, naweza kuja kwenye mazoezi yenu? Popovich akamruhusu, na siyo mazoezini tu. Aliingia kwenye vikao vya makocha, kule kwenye ubao na video, mlango umefungwa. Msimu mzima wa 2013/14. Na huo ndio msimu ambao Spurs walichukua ubingwa, Juni 2014.

Julai 23, 2014 akatangaza anastaafu. Agosti 5 Spurs wakamwajiri kocha msaidizi. Hajapita mwanamke mwingine NBA kabla yake mwenye ajira kamili ya mshahara kwa kazi hiyo. Lisa Boyer alikaa na Cleveland msimu wa 2001/02, lakini bila kulipwa na timu.

Mvua inapungua, naenda kuanua nguo ambazo zimeshalowa hata hivyo. Narudi.

---

Mtani wa Kalenga

Kamweneee! Nimeshika siti ya mbele, ulanzi mkononi.

Mwalimu umeruka kitu. Mimi namkumbuka huyu dada na jezi ya Urusi. Ilikuwaje mtoto wa Marekani akachezea Urusi? Au nilikuwa nimeshakunywa?

---

Benchi la Uyole

Hukuwa umekunywa mtani, au ulikuwa umekunywa na uliona sawa.

2007 alicheza msimu mtamu mno, kwenye kura za mchezaji bora wa ligi akashika nafasi ya pili. Hata hivyo orodha ya wachezaji 23 waliokuwa wanafikiriwa kwa timu ya taifa ya Marekani ilitoka bila yeye. Wakati huo wachezaji wa WNBA msimu ukiisha walikuwa wanakwenda Ulaya kutafuta hela, kwa sababu Urusi na Uturuki zilikuwa zinalipa kuliko kwao. Yeye alisaini CSKA Moscow, akapewa pasipoti ya Urusi, na pamoja na pasipoti nafasi ya kucheza Olimpiki ya Beijing 2008.

Kwao kelele zikawa nyingi. Anne Donovan, kocha wa Marekani, alitamka hadharani kwamba kwa mtazamo wake mtu anayefanya hivyo si mzalendo. Halafu mpira una visa vyake: nusu fainali wakakutana, Urusi na Marekani. Urusi wakafungwa. Hammon akarudi na medali ya shaba, na 2012 London akacheza tena na Urusi wakamaliza wa nne.

Sijawahi kumwona vibaya kwa hilo. Mtu umegonga mlango wa nyumbani hawafungui, jirani anakuita ule.

---

Tunduma Boda Kwa Boda

Sawa mwalimu lakini usitupambe. Kukaa benchi la Spurs ni kitu kimoja, kuwa kocha mkuu ni kingine. NBA walimpa ukocha mkuu? Hawakumpa. Kwa hiyo alikuwa pale kwa ajili ya picha.

---

Benchi la Uyole

Swali zuri, sauti mbaya.

Julai 2015, ligi ya kiangazi ya Las Vegas, yale mashindano ya vijana na wanaotafuta nafasi, Spurs walimkabidhi timu kama kocha mkuu. Akabeba kombe. Picha hazibebi kombe.

Desemba 30, 2020 Spurs wanacheza na Lakers, siku ya kuzaliwa ya LeBron James. Robo ya pili Popovich akagombana na refa akatolewa nje. Wakati anatoka akamwonyesha Hammon kidole, yaani wewe shika. Mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya NBA kwenye mechi ya ligi. Walifungwa 121-107, na huo ndio ukweli wake.

Kuhusu kunyimwa uko sawa. 2021 alikuwa kwenye usaili wa timu mbili za NBA, Portland na Orlando, hakupata. Portland walimchukua Chauncey Billups, naye mchezaji aliyegeuka kocha. Lakini hapo unamlaumu aliyebisha hodi au mwenye nyumba?

---

Mzee wa Ringi Moja

Binti yangu, hujambo. Mimi nimefundisha kikapu Iringa enzi ambazo shule nzima ina mpira mmoja, na mpira wenyewe umepoteza vipele umekuwa laini kama parachichi. Nimesoma vyote, niruhusu niseme kidogo juu ya ule ubishi wa mwanzo.

Wanaosema mchezaji mkubwa hawezi kufundisha wanamtaja Magic Johnson, nyota wa zamani wa Lakers. Kweli, 1994 alipewa Lakers mwishoni mwa msimu, akaongoza mechi 16, akashinda 5, akaondoka mwenyewe. Alishangaa vijana hawaoni alichokiona yeye. Hilo ndilo gonjwa la mtu mwenye kipaji kikubwa, anafundisha kwa kushangaa.

Lakini hao hao humsahau Bill Russell. 1966 Boston Celtics walimfanya kocha akiwa bado anacheza, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuwa kocha mkuu NBA. Akachukua ubingwa 1968 na 1969 huku anacheza na kufundisha. Mchezaji mkubwa kuliko yeye wamo wangapi?

Na upande wa pili huyo Popovich mwenyewe. Hajacheza NBA hata dakika moja. Alicheza chuo cha jeshi la anga, akafundisha chuo kidogo cha California ambako wachezaji hawapewi hata ufadhili wa kimichezo. Ana ubingwa 5.

Kwa hiyo ukubwa wa mchezaji hauamui kitu. Mimi nilichokuwa naangalia kwa vijana wangu ni nani akitolewa uwanjani anaangalia mechi, na nani anaangalia jukwaani. Anayeangalia mechi nampa filimbi Jumamosi inayofuata. Baadhi yao leo ni marefa.

---

Benchi la Uyole

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya filimbi naiiba leo leo.

Na tazama wengi waliotoka benchi wakawa makocha wazuri. Steve Kerr alikuwa mchezaji wa akiba sehemu kubwa ya maisha yake, wastani wa pointi 6 kwa mechi. Anajulikana kwa kutupia pointi tatu, asilimia 45.4, hakuna aliyemaliza NBA na asilimia kubwa kuliko hiyo. Ubingwa 5 akicheza, mitatu kwa Chicago na miwili kwa Spurs ya huyo huyo Popovich, halafu 4 akiwa kocha wa Golden State. Mtu ambaye maisha yake yote amekaa benchi karibu dakika 30 kwa mechi akiangalia wengine, unadhani alikuwa anaangalia nini?

---

Mzee wa Ringi Moja

Marahaba mwanangu.

---

Dada Parachichi, Njombe

Nimefika. Uzi mzuri ila dada usituletee malaika. Mei 2023 ligi ilimfungia Hammon mechi 2 bila mshahara kwa maneno aliyomwambia Dearica Hamby, mchezaji wake kwenye Las Vegas Aces, timu ya WNBA aliyokuja kuifundisha, kuhusu ujauzito. Hamby alikuwa ameshauzwa Los Angeles Januari ya mwaka ule akiwa mjamzito, na alisema waziwazi kwamba alivyotendewa kulimuumiza. Mimi ni mama na ni mwajiriwa. Nilisoma ile habari nikaweka simu chini.

---

Benchi la Uyole

Asante kwa kuileta, maana ningeikwepa ningekuwa mwongo. Ndivyo ilivyokuwa. Hammon alikana kwamba Hamby aliuzwa kwa sababu ya mimba, akasema ulikuwa uamuzi wa kimpira. Ligi ilichunguza ikamfungia. Hamby naye akaendelea kucheza Los Angeles na akacheza vizuri.

Sina cha kutetea hapo. Nina wasichana 11 kwenye timu na najua neno moja la kocha linaweza kukaa kwa mtoto miaka ishirini. Lile niliambiwa mimi, *kapumzike nyumbani*, mpaka leo nalisikia kwa sauti ya aliyelisema.

---

Chungu cha Kyela

Ugonile wote. Mimi nauliza ya ufundi. Tumeambiwa alikaa kwenye vikao, haya. Alipopewa timu yake alibadili nini? Kocha anapimwa pale.

---

Benchi la Uyole

Ndaga fijo kwa swali, nilikuwa nalisubiri.

Desemba 31, 2021 Las Vegas Aces walimtangaza kocha mkuu. Timu aliyorithi ilikuwa ya Bill Laimbeer. Mnakumbuka nilisema mshike jina la Detroit? Laimbeer ndiye aliyekuwa kocha wa Detroit Shock waliomfunga Hammon 3-0 kwenye fainali ya 2008. Na Laimbeer naye ni mchezaji aliyegeuka kocha, senta wa Detroit Pistons, wale wagomvi waliochukua ubingwa wa NBA 1989 na 1990. Dunia ya kikapu ni ndogo kama stendi ya Makambako, ukikaa saa mbili umemwona kila mtu.

Aces ya Laimbeer ilikuwa timu ya mabavu. Mpira unaingia ndani kwa warefu, chini ya ringi, tunasukumana. Walikuwa wanatupia pointi tatu chache kuliko timu yoyote kwenye ligi, na ilishinda mechi nyingi tu, tusiidharau. Hammon alipokuja alifungua uwanja. Fikirini eneo la chini ya ringi kama dala dala ya Mwanjelwa saa kumi na mbili jioni, watu kumi, hakuna pa kuweka mguu. Yeye akasema shukeni. Warefu nao wasimame nje nyuma ya mstari, hata A'ja Wilson, mchezaji wao mkubwa, ambaye kabla ya hapo pointi tatu alikuwa karibu hajaribu. Beki anayemkaba mrefu analazimika kumfuata nje, na akitoka tu, njia ya kwenda ringi inabaki wazi kwa Chelsea Gray na Kelsey Plum na Jackie Young. Hiyo ni Spurs ya 2014 tupu: nafasi, pasi ya ziada, mpira usilale mkononi.

Mwaka wake wa kwanza, 2022: ushindi 26, vipigo 10, ubingwa, na kocha bora wa mwaka. Timu ile haikuwahi kuwa bingwa. 2023: 34 kwa 6, ubingwa tena. Mechi ya mwisho walicheza ugenini New York kwa Liberty, ile ile timu iliyompokea 1999, bila Chelsea Gray na bila Kiah Stokes, wote wameumia. Wakashinda 70-69. Mwaka huo huo akaingizwa jumba la heshima la kikapu, kundi moja na Popovich.

Sasa niwaonyeshe kitu kwa karibu. Sisi hatuna video wala ubao. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka usawa wa katikati ya ringi, WNBA na kimataifa ni ule ule. Uwanja wetu ulikuwa hauna mstari, ulishafutika. Jumamosi moja nikachukua kamba ya katani, nikapima 6.75 kwa futi kamba ya fundi ujenzi, ncha moja akashika binti chini ya ringi, nyingine nikafunga kopo la chokaa lenye tundu. Tukazunguka. Chokaa inatoka nyembamba kama uzi wa uji. Tulipomaliza wasichana wakasimama nyuma ya mstari wakaangalia ringi wakacheka: *Madamu, mbali hivi?* Walikuwa hawajawahi kujua ni mbali kiasi gani, walikuwa wanatupia tu.

Wiki mbili nikawaambia warefu wawili wasiingie ndani kabisa, wasimame kwenye chokaa hata kama hawatupii. Kabla ya hapo tulikuwa tunagongana kama kuku kwenye tenga. Sasa kuna njia. Hatufungi sana bado, lakini njia ipo na kila mtu anaiona.

---

Tunduma Boda Kwa Boda

Mvua ikinyesha chokaa inabaki?

---

Benchi la Uyole

Haibaki. Kila Jumamosi tunachora upya. Leo imeondoka yote, naiona hapa dirishani, uwanja mweupe umekuwa bwawa la maziwa.

---

Mtani wa Kalenga

Na 2025 mwalimu? Nasikia kuna kipigo.

---

Benchi la Uyole

Kipigo! Agosti 2, 2025, Aces wakiwa nyumbani, Minnesota Lynx waliwafunga 111-58. Tofauti ya pointi 53. Aces wakabaki na ushindi 14 na vipigo 14, na 2024 walikuwa wameshatolewa nusu fainali. Watu wakasema kwaheri.

Baada ya hapo hawakufungwa tena mpaka msimu wa kawaida unaisha. Mechi 16 mfululizo. Mtoano wakapata shida, Seattle wakawapeleka mechi ya tatu, Indiana wakawapeleka mechi ya tano, halafu fainali wakawafagia Phoenix Mercury 4-0. Ubingwa wa tatu ndani ya miaka minne.

Alichowaambia ndani ya chumba baada ya zile 53 ni chao. Mimi ninachokiona ni kwamba hakuvunja timu. Ukifungwa 53 kishawishi ni kutukana watu na kubadili kila kitu. Nilifungwa 40 mwaka juzi nikafanya hayo yote mawili.

---

Dada Parachichi, Njombe

Hapo umesema kama mtu.

---

Mzee wa Ringi Moja

Nyongeza kidogo nilale, baridi imenishika. Umemtaja Kerr. Fainali ya 2015 Golden State walikuwa nyuma 2-1 kwa Cleveland. Mechi ya nne Kerr akamtoa senta wake Andrew Bogut kikosi cha kwanza, akamwanzisha Andre Iguodala, timu ikawa fupi na ya mbio. Wakashinda mechi tatu mfululizo, wakawa mabingwa, Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali. Na wazo lile lilitoka kwa kijana anaitwa Nick U'Ren, msaidizi aliyekuwa anaandaa video, aliyekesha usiku akitazama mechi za zamani. Hakuwa hata kwenye kiti cha mbele cha benchi. Kerr baadaye alimtaja kwa jina mbele ya waandishi, ambapo angeweza kunyamaza akachukua sifa.

---

Benchi la Uyole

Mzee, umenifungulia nilichotaka kumalizia nacho.

Nina binti wa kidato cha tatu, pointi gadi, mfupi, mbishi. Mnajua ninamwona nani. Mwezi uliopita kateguka goti mazoezini. Si kano, daktari amesema wiki sita. Siku ya kwanza alikuja mazoezini akakaa mbali, kwenye mizizi ya mlingoti, amejifunika kanga, analia bila sauti. Nikamwendea na daftari la kurasa 48 na kalamu. Nikamwambia we ni msaidizi wangu. Andika kila mpira tunaopoteza: nani, upande gani, na kabla ya hapo alidunda mara ngapi.

Mara ya kwanza aliandika vurugu tupu. Mara ya pili akachora uwanja. Jumamosi iliyopita tulicheza mechi ya kirafiki na shule ya jirani, mapumziko tuko nyuma kwa 7. Anachechemea kuja kwangu, ananionyesha ukurasa: mipira 9 imepotea, 6 upande wa kushoto, na yote sita baada ya kudunda zaidi ya mara nne. Akasema, *Madamu, kushoto wanakaba wawili. Mpira uanzie kulia, kushoto uende kwa pasi tu.* Mimi nilikuwa nimesimama pale robo mbili nzima na sikuona.

Tukafanya hivyo. Tulifungwa kwa 2. Lakini njiani kwenye Hiace alikuwa mbele na daftari, wenzake wamemzunguka wanagombania kuona majina yao, na mmoja anamlaumu kwamba ule mpira wa tatu haukuwa wake.

Daftari limejaa, Jumatatu nanunua lingine. Sasa hilo pembeni: kuna mwenye mpira wa kikapu namba 6, wa wasichana, hata uliotumika, maeneo ya Mwanjelwa au Kabwe? Wetu ni namba 7 na umeanza kutoa tumbo. Na pampu, kama ipo. Sindano ninayo.

---

Chungu cha Kyela

Namba 6 ninao, haujawahi hata kudundishwa sana. Nakuja Mbeya Jumatano na mchele. Nauweka wapi?

---

Benchi la Uyole

Stendi ya Kabwe, kaka, nikitoka kipindi saa nane nakuja kuuchukua. Nitakuja na binti mwenye daftari, akague vipele.